Geti la Sokoine likifungwa kwa dharura, shabiki aende wapi? Uzi wa wana Nyanda za Juu Kusini

#1 Mgonga Nyundo wa Mafiati (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nawasalimu wote wa Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe na Iringa.

Naleta hoja hii kukiwa shwari, tena kwa makusudi. Mbeya City tumerudi Ligi Kuu, Prisons wapo, na Simba au Yanga wakipanda huku uwanja wetu wa Sokoine hapa Mbeya unajaa mpaka ukutani. Sasa ikitokea dharura ya afya, ikatoka amri kwamba mechi ipo ila shabiki asionekane uwanjani, saa kumi jioni ya siku hiyo sisi tutakuwa wapi? Amri ya namna hiyo ikishatoka, muda wa kulijibu swali hili unakuwa umekwisha.

Tukumbushane ya 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, yuko Arusha. Kesho yake, Jumanne, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akasimamisha mikusanyiko kwa siku 30: shule, semina, mikutano, na michezo yote ikiwemo Ligi Kuu. Simba walikuwa kileleni na pointi 71 kwa mechi 28. Siku 30 zikaisha, zikaongezwa, mpira ukalala mpaka Rais Magufuli aliporuhusu michezo kuanzia Juni 1, na katikati ya mwezi huo ligi ikarudi.

Wengi mnasema 2020 mashabiki tulitii vizuri. Ni kweli tulitii. Lakini hapakuwa na mechi! Ulaya nako kulikuwa kimya, redio hazina cha kutangaza. Kumzuia mtu asiende kwenye mechi ambayo haipo si kazi. Mtihani wenyewe ulikuja Jumamosi ya Mei 16, Ujerumani waliporudisha ligi yao, Bundesliga, wakati sisi bado mikusanyiko imezuiwa. Saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, Dortmund na Schalke wako kwenye uwanja ambao hauna shabiki hata mmoja. Mimi nikapita kwenye kibanda umiza cha mtaani. Mlango umefungwa, juu yake wameteremsha turubai kwa sababu ya baridi. Ndani watu wamebanana kwenye mabenchi, magoti ya huyu yako kwenye mgongo wa yule. Dirisha lililopo ni moja na limezibwa kwa boksi ili mwanga usipige kwenye skrini. Nje wameweka ndoo ya koki na kipande cha sabuni kilichokauka, na hakuna aliyekuwa akinawa. Uwanja wa Ujerumani haukuwa na mtu, kibanda chetu hakikuwa na pa kukanyaga.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Ukifunga geti bila kufanya kitu kingine, mkusanyiko hauondoki, unahama, na mara nyingi unahamia mahali pabaya kuliko ulikotoka.

Wenzetu yamewakuta. Machi 11, 2020 PSG walicheza na Dortmund pale Paris bila mashabiki. Mashabiki wakaenda hivyo hivyo, wakajazana nje ya Parc des Princes na mafataki yao, na PSG waliposhinda 2-0 wachezaji wakatoka kushangilia nao. Siku hiyo hiyo kule Ujerumani Gladbach na Köln walicheza ndani pakiwa patupu, nje mamia wamejipanga. Machi 2021 Rangers wakatwaa ubingwa wa Scotland wakati watu wametakiwa kubaki nyumbani, Glasgow ikafurika nje ya Ibrox na pale George Square. Mei mwaka huo huo Sporting wakawa mabingwa wa Ureno, maelfu wakajaa nje ya uwanja wao Lisbon, ikaishia kwenye vurugu na polisi. Hawa wote geti lilifungwa vizuri kabisa.

Asije mtu akanielewa kwamba nataka geti liachwe wazi. Februari 19, 2020 watu zaidi ya 40,000 waliingia San Siro, Milan, kuitazama Atalanta ikiifunga Valencia 4-1. Wengi walikuwa wametoka Bergamo, nyumbani kwa Atalanta. Siku mbili baadaye Italia ikaanza kutangaza wagonjwa wa korona wa mji mdogo wa Codogno, na Bergamo yenyewe mwezi uliofuata ikazika watu kwa namna ambayo dunia nzima iliiona. Likibidi lifungwe, lifungwe.

Ninachotaka ni kwamba amri ifike kwenye matawi kabla haijafika kwa askari. Simba wana matawi, Yanga wana matawi, sisi wa Koma Kumwanya, yaani Mbeya City, tuna makundi yetu. Tawi lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la wanachama na kundi la WhatsApp ambalo halilali. Wiki ya mechi kubwa tawi linakodi Coaster kutoka Kyela, Tukuyu, Chunya na Mbarali, watu wanashuka Mbeya wamevaa sare na wimbo wameshaufanyia mazoezi. Hakuna ofisi ya serikali inayoweza kuwafikia watu wale kwa haraka hiyo. Wanaoweza kutuleta uwanjani wanaweza pia kutubakiza nyumbani, wakishirikishwa mapema.

Karibuni wadau.

#2 Kaka wa Uyole

Mkuu mleta uzi, umeandika vizuri ila hapa napinga. Shabiki wa mpira hamsikii mwenyekiti wa tawi wakati wa furaha wala wakati wa hasira.

Chukua mfano wa hapa hapa. Juni 24, 2020 Simba walikuja Sokoine wakatufunga 2-0. Jumapili ya tarehe 28 wakarudi hapo hapo kwa Prisons, ikaisha 0-0, pointi moja ile ikawafikisha 79 wakawa mabingwa mkononi mwetu. Mashabiki tulikuwa tumeruhusiwa, na maelekezo yalikuwepo: nawa mikono, vaa barakoa, kaa mbali na mwenzako. Nilikuwa upande wa mzunguko. Dakika za mwanzo watu walijitahidi kuachiana nafasi. Ilipolia filimbi ya mwisho, pale nilipokuwa nimekaa hapakuwa na mtu anayekumbuka mita moja. Watu wasiofahamiana wamekumbatiana wanalia. Viongozi wa matawi walikuwepo, na wao walikuwa wanaruka kama sisi.

Kwa hiyo mimi nasema weka askari kuanzia barabarani. Kila njia inayoelekea uwanjani iwe na kizuizi tangu asubuhi. Habari ya kubembelezana wakati ugonjwa unaua siielewi.

#3 Nesi wa Mbalizi

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni muuguzi, nimekuwa nikisoma kimya kimya lakini naona tunalisahau jambo moja: dharura hazifanani. Mnajadili geti kana kwamba ugonjwa ni mmoja.

Korona inasambaa kwa hewa. Uwanja wa Sokoine uko wazi, upepo wa mlima Loleza unapita. Hatari yake iko pale watu wanapobanana getini, chooni, kwenye daladala la kurudia, na kwenye kushangilia kama alivyosema kaka wa Uyole. Kibanda umiza alichokieleza mleta uzi ni kibaya mara nyingi zaidi ya uwanja, kwa sababu hewa iliyotoka kwa mgonjwa inabaki humo humo kwa dakika 90 na nyongeza. Sisi wa nyanda za juu tuna tatizo la ziada, kwamba Mei hadi Agosti kila mtu anafunga mlango na dirisha kwa baridi. Amri iliyoandikwa kwa kufikiria Dar es Salaam, ambako watu wanaangalia mpira barazani wakiwa na fulana, huku kwetu inakuwa na tundu.

Kipindupindu ni kitu kingine. Hakiruki kwa hewa. Kinaingia kwa mdomo, kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na mtu anaweza kuanza kuharisha saa chache tu baada ya kukipata, au ikachukua mpaka siku tano. Ukiniuliza mimi siku ya kipindupindu nitaangalia nini uwanjani, nitakwambia vyoo, mabomba na matunda yaliyokatwa. Ukiwakalisha watu mitamita huku choo kimefurika na hakuna maji, hujafanya kitu.

Halafu kuna Marburg, ambayo Kagera imeipata 2023 na tena Januari 2025 pale Biharamulo. Ile inaambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili ya mgonjwa au ya aliyekufa, na dalili huchukua siku 2 hadi 21 kutokea. Hapo kazi kubwa ni kuwapata wote waliomgusa mgonjwa. Sasa fikiria mtu mmoja aliyeanza kuugua amekaa katikati ya mzunguko, amekumbatiwa na watu asiowajua. Utawatafutia wapi? Kwa ugonjwa wa namna hiyo daftari la tawi lina thamani kubwa kuliko mnavyodhani, kwa sababu angalau nitajua nani alipanda Coaster ipi.

Kwa hiyo naunga mkono hoja ya matawi, ila kwanza waambieni watu ugonjwa unaambukiza vipi. Mtu akijua sababu, anajipangia mwenyewe hata pale ambapo amri haikutaja.

#4 Mama Mayai Soweto

Wanangu, na mimi niseme. Mimi nauza mayai ya kuchemsha na kachumbari nje ya uwanja siku za mechi, na karanga. Mnazungumza shabiki, shabiki. Pale nje tupo sisi, wapo vijana wa jezi na vuvuzela, wapo wa mahindi ya kuchoma, wapo wa maji, wapo bajaji wanaopakia kutoka Kabwe na Mwanjelwa, wapo watoto wanaolinda pikipiki. Mechi ya Simba au Yanga ndiyo ada ya mtoto, ndiyo kodi ya chumba.

Mayai nanunua kwa trei siku moja kabla, kwa mkopo, ninachemsha usiku. Nyanya na vitunguu nakata alfajiri. Amri ikitoka asubuhi ya mechi mimi nitapeleka wapi? Yai la kuchemsha halirudi kwa mwenye duka. Nitakwenda nalo hapo hapo uwanjani wanangu, nisiwadanganye. Nitakaa kona ya nyuma askari asikoniona, na mimi nikikaa pale atakuja mteja, wakija wateja watatu tayari ni kijiwe, na kijiwe kikishawasha redio mechi imehamia hapo. Siyo ubishi. Ni deni.

Naomba kitu kimoja, tuambiwe mapema. Hata siku mbili zinatosha kwa mtu kama mimi asichukue mzigo. Na kama Serikali inazuia mechi kwa miezi, wale wa vikundi vya mikopo watuachie kidogo marejesho. 2020 mpira uliposimama, marejesho hayakusimama.

#5 Mgonga Nyundo wa Mafiati

Mama shikamoo. Umenifungua macho kwenye upande ambao sikuuandika kabisa. Hili la mzigo wa siku moja kabla ndilo linalowapeleka watu nje ya geti hata pale shabiki mwenyewe amekubali kubaki nyumbani. Tangazo la saa 48 liwe sharti, sikubali lipungue labda ugonjwa uwe umetokea siku hiyo hiyo.

Dada nesi, ahsante sana, ndaga fijo. Naomba usiondoke kwenye uzi.

Kaka wa Uyole, nakujibu kwa heshima. Askari watahitajika, sijasema wakae kambini. Lakini askari getini na watu wameshafika getini ni jambo la hatari peke yake. Machi 21, 2021, watu wakimuaga Rais Magufuli pale Uwanja wa Uhuru, 45 walikufa kwa kukanyagana na kubanwa. Hawakuwa na ubaya wowote, walikuwa waombolezaji. Watu wakishakuwa wengi nje ya ukuta na wote wanataka kuingia, hakuna kamanda anayeweza kuwahakikishia usalama. Wanatakiwa wasianze safari. Mtu wa Kyela akifika Uyole na jezi yake ameshalipa nauli, huyo humrudishi kwa kizuizi, atazunguka kwa miguu.

Na mfano wako wa Juni 28 naupenda, maana unathibitisha kitu kimoja. Siku ile hapakuwa na mpango wa dakika baada ya filimbi. Maelekezo yote yalihusu kuingia na kukaa. Hakuna aliyewaambia viongozi wa matawi, "mkishinda, mnafanya hivi." Ujerumani hawakuachia hapo. Mnakumbuka Gladbach, mamia nje ya uwanja Machi 11. Mei 16 ligi iliporudi, polisi wao waliogopa watu watajazana tena nje ya viwanja. Hawakujazana. Katikati ya tarehe hizo mbili, vikundi vingi vya mashabiki wagumu wa Ujerumani vilikuwa mtaani vinawanunulia wazee vyakula, na vingi vilipinga hata hiyo ligi kurudi bila watu, lakini walipobishana walibishana kwa matamko, hawakwenda kusimama getini. Na televisheni iliyokuwa na haki za kuonyesha iliachia bure matangazo ya pamoja, yale yanayoruka kutoka mechi moja hadi nyingine, kwa wiki mbili za mwanzo, ili mtu asipate sababu ya kumfuata mwenzake mwenye kisimbuzi. Hili la mwisho nalitaka kwetu kwa nguvu zote: siku shabiki anazuiwa, mechi ionekane bure kila nyumba yenye televisheni, na itangazwe redioni dakika zote.

#6 Mwanapaluhengo Iringa

Kamwene wote. Nazungumza kutoka Iringa, uwanja wetu ni Samora, timu ya moyo wangu ni Lipuli.

Mleta uzi anazungumzia Simba na Yanga wakija. Sisi wa timu ndogo tuna hoja ya ziada. Simba wakicheza bila watu, wana wadhamini. Lipuli bila mlango inakula nini? Mwaka 2019 tulicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Azam kule Lindi, tukafungwa 1-0, tukarudi vichwa juu. Msimu uliofuata ndio huo wa korona, na mwisho wake tukashuka daraja. Sisemi korona ndiyo iliyotushusha, matatizo yalikuwa mengi na mengine tuliyafanya sisi wenyewe. Ila miezi ile ambayo mpira ulisimama, wachezaji wa timu kama ile walikuwa majumbani kwao na mkoani hakukuwa na hata shilingi ya mlangoni.

Kwa hiyo likija suala la mechi bila mashabiki, timu ndogo zitatafuta kila njia ya kuingiza watu, kwa mlango wa nyuma, kwa kadi za "wageni waalikwa", kwa watu wa kamati ambao hawajawahi kuwa kamati. Ukitaka geti lifungwe kweli, mfidie mwenye geti. Shirikisho na mdhamini wa ligi wakae chini watenge fungu la dharura kabla, lijulikane.

Na tiketi. Aliyeshalipa arudishiwe bila kuzungushwa. Tiketi zikiwa za kielektroniki namba ya simu ya mnunuzi inajulikana, kwa hiyo huyo huyo unaweza kumtumia ujumbe: mechi haina watazamaji, fedha yako hii hapa. Mtu ambaye fedha imesharudi kwenye simu hana sababu ya kupanda basi. Mtu ambaye ameambiwa "fedha utajulishwa" atakuja getini kuidai.

#7 Mzee wa Tunduma

Vijana nawapongeza kwa mjadala wa maana. Mimi nipo mpakani, Zambia naiona kila siku, naomba niongeze kimoja.

Kipindupindu kilichoanza Zambia Oktoba 2023 kilipochachamaa Lusaka, hawakuishia kuzuia mikusanyiko na kuchelewesha shule kufunguliwa. Januari 2024 Uwanja wa Mashujaa, ule mkubwa wa Lusaka unaochukua watu 60,000, uligeuzwa kuwa kituo cha kutibu wagonjwa. Vitanda vikapangwa, dripu zikatundikwa, mahali ambapo Chipolopolo, timu yao ya taifa, wanacheza. Madereva wa malori waliokuwa wanatoka kule walitusimulia hapa Tunduma na tuliogopa, maana foleni ya malori ni yetu sote na vyoo vya njiani mnavijua.

Nimelitaja hili kwa sababu kwenye uzi huu uwanja unazungumzwa kama sehemu ya kufungwa tu. Siku ikifika Sokoine, Samora, Sabasaba ya Njombe au Nelson Mandela ya Sumbawanga inaweza kuhitajika kwa wagonjwa. Shabiki akijua ndani kuna kitanda cha mama wa mtu, hutamsukuma aondoke, ataondoka mwenyewe. Na huenda akarudi na ndoo ya maji kusaidia. Tawi la mpira lina vijana wenye nguvu, kwa nini wasiandikishwe kubeba maji na kuelekeza watu?

#8 Mwenye kibanda, Ilomba

Wakuu nimesoma na nimeumia kidogo, ila sina ugomvi. Kila mtu anatupiga sisi wa vibanda.

Nikuelezeni upande wa pili. Kisimbuzi nalipia kila mwezi, kiwe na watu kisiwe na watu. Umeme nanunua. Benchi nimetengeneza mwenyewe. 2020 hakuna aliyekuja kuniambia nifunge au nifungue vipi. Mtendaji alipita akasema "weka ndoo", nikaweka ndoo. Hakusema punguza watu, hakusema fungua dirisha. Mimi si daktari. Ningeambiwa kwamba hewa ndiyo tatizo, lile boksi la dirishani ningelitoa siku hiyo hiyo na skrini ningeigeuza upande wa pili.

Nikiambiwa nifunge nitafunga, kwa sharti kwamba na wa mtaa wa pili afunge. Nikifunga peke yangu nimempa yeye wateja wangu wote, na kibanda chake kitajaa mara mbili. Hapo ugonjwa haujapungua, umeongezeka. Kwa hiyo tunaomba tutambuliwe, tuandikwe kata kwa kata, tuwe na umoja wetu, amri ikija itufikie wote saa moja.

Hoja ya mechi kuonyeshwa bure majumbani inanikata mimi tumboni, lakini kwa wakati wa dharura naikubali. Baada ya dharura mturudishie wateja wetu.

#9 Mtendaji Mstaafu wa Mtaa

Ndugu wa Ilomba amesema kweli kuhusu ndoo. Tulipokea maelekezo ya ndoo, tukasimamia ndoo.

Kwa faida ya uzi: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, hadi kata na kijiji au mtaa. Kwa hiyo chombo cha kukaa nacho kipo mlangoni kwenu, hamna haja ya kwenda Dodoma. Katibu wa tawi na mwakilishi wa vibanda waandike barua ya kuomba kualikwa kwenye kikao cha kamati ya kata. Barua iwe na majina na namba za simu. Nawahakikishia mtendaji yeyote mwenye akili ataipokea kwa mikono miwili, kwa sababu siku ya dharura anakuwa peke yake na mgambo wawili.

#10 Kaka wa Uyole

Nimesoma yote. Kwenye tangazo la mapema, fedha za tiketi na mechi kuonekana bure nakubali. Kwenye kushangilia bado sijashawishika. Ubingwa ni ubingwa. Mbeya City ikichukua kombe siku ya dharura, mleta uzi, wewe mwenyewe utakaa ndani?

#11 Mgonga Nyundo wa Mafiati

Nitakaa ndani kama tumeshakubaliana kabla tutashangilia lini na wapi. Hilo ndilo linalowashinda watu: wanaambiwa "msishangilie" basi. Hakuna binadamu anayeweza. Mwambie, "kombe litaletwa Sokoine siku ugonjwa utakapotangazwa kwisha, msafara utapita Uyole, Sae, Mafiati, Mwanjelwa, Kabwe, na kila tawi litapewa nafasi ya kulishika," huyo ana kitu cha kusubiri. Klabu itoe ahadi hiyo kwa maandishi. Usiku wenyewe, madereva wapige honi kwenye maegesho yao, na waliobaki wapige masufuria milangoni.

Nimeandaa rasimu ya ujumbe wa kuwa tayari kwenye simu ya kila katibu wa tawi, ujazwe tu tarehe na jina la ugonjwa. Nimejitahidi usizidi skrini moja, maana ujumbe mrefu haufiki mwisho:

"Ndugu wanachama. Mechi ya tarehe ___ itachezwa bila watazamaji kwa sababu ya ___. Basi la tawi LIMEFUTWA. Nauli na tiketi zinarudishwa kwa namba uliyolipia, mwisho kesho saa 12 jioni. Usipopata mpigie mweka hazina, usije uwanjani. Mechi itaonekana bure kwenye ___ na redioni ___. Vibanda vyote vya kata vimefungwa, usimshawishi mwenye kibanda afungue. Wenye biashara nje ya uwanja msichukue mzigo. Tukishinda, tunashangilia nyumbani. Sherehe itatangazwa na klabu. Ukiona kundi linaanza kukusanyika mtaani kwako, mpigie katibu kabla hujampigia askari."

Wakuu pitieni, kosoeni. Jumapili nauwasilisha kwenye kikao cha tawi, na barua ya kata kama alivyoelekeza mzee mtendaji.

#12 Nesi wa Mbalizi

Kaka, umeandika "kwa sababu ya ___" halafu ukaendelea. Baada ya hapo ongeza sentensi mbili za ugonjwa wenyewe: unaambukizwa kwa ___, dalili zake ni ___, ukiziona nenda kituo cha afya cha ___ au piga 199. Zikae juu ya nauli na tiketi.

Na kwenye vibanda, kama ugonjwa ni wa tumbo hakuna sababu ya kuvifunga vyote, wenye maji na choo safi waachwe na mama wa Soweto aruhusiwe kuuza mayai yake ambayo hayajamenywa. Weka mabano mawili hapo ili katibu achague. Ukinitumia rasimu ya pili leo usiku nitaipitia kabla sijaingia zamu.